Jaketi Jepesi la Bi Mdogo

Mpendwa Baba Rukia,

Hapa Lionja sote wazima, na koti ulilotuma nimelipata. Zito, lina manyoya kwenye kola, ndani pamba tupu. Jirani kalishika akasema, "Mama Rukia, mumeo anakupenda." Nikaitikia, nikaingia ndani, nikalia kwa hasira.

Unakumbuka koti langu la kwanza? Lilikuwa zito hivihivi. Kipupwe kile tulikuwa tunatoka alfajiri kwenda kwenye mikorosho, na kabla sijamaliza kile kilima nikawa nimelowa jasho. Huko juu upepo ukanikuta na jasho langu. Nilikohoa wiki nzima, na wewe ulilibeba koti begani huku ukinicheka.

Ndipo tukaenda mnadani Nachingwea, tukainama pamoja kwenye rundo la mitumba. Mimi ndiye niliyekufundisha. Weka kitambaa mdomoni, kiganja nyuma yake, kisha puliza. Ukisikia pumzi kiganjani, liache, maana upepo utapita. Halafu likunje, lisipoingia kwenye ngumi litakuchosha njiani. Muuzaji akatutania, "Mama, kwani chai hiyo, mbona unaipuliza?" Ukaona aibu, lakini mwishowe ukapuliza na wewe, mashavu yamekuvimba. Tukachukua mawili ya bluu. Yalichakarisha kama mifuko ya plastiki ya rambo, na kwa mlio huo nilijua uko nyuma yangu bila kugeuka.

Ulipooa mke wa pili sikukukataza. Ulipohamia Ruangwa kwa bi mdogo, ukawa unakuja huku kwa zamu, nilinyamaza. Sasa Rukia amerudi likizo kutoka kwako, hata mfuko hajatua, ananiambia: "Mama, baba kamnunulia mama mdogo jaketi jepesi. Kalipuliza kwanza! Asubuhi wanakwenda wote shamba, wanacheka tu."

Ulilipuliza, Baba Rukia. Nina wivu, na sioni haya kukwambia. Nguo aliyovaa hainiumi. Inaniuma ile pumzi, maana nilidhani ni yetu sisi wawili.

Najua ulitaka kutenda haki. Mwenzangu kapata, nami nipate, tena langu liwe la kusifiwa. Lakini la nani ulilipuliza, na la nani ulilichagua kwa macho tu? Yeye umempa nguo ya kutembea na wewe. Mimi umenipa ya kukaa barazani.

Koti nalirudisha, Rukia atakuletea. Mimi bado navaa la bluu. Lilichanika kwapani, nimelishona. Lako liko palepale msumarini, nyuma ya mlango. Jana nililipuliza, na upepo bado haupiti.

Zamu yangu ikifika, usije jioni kula na kulala. Njoo alfajiri, ulivae.

Mkeo uliyeanza naye safari,
Mama Rukia