G Haikuwa Goma

Goma, 1956

Muzee Kasereka,

Daraja limesimama. Nakuambia hilo kwanza, maana hukuwa na subira na mtu anayezunguka. Jumatano malori matatu yaliyojaa mawe yalipita juu ya mto Rutshuru, na mimi nilisimama chini, pale ambapo ungesimama wewe, kapita wetu, msimamizi wa kikosi, kama homa isingekuchukua. Chuma kililia kidogo, kikanyamaza. Sikukimbia.

Unakumbuka lile daraja la magogo, ambalo kila masika liliondoka na maji? Ulituonyesha kwa nini hili la chuma litakaa. Ulifunga vijiti vinne mraba, ukavisukuma kwa kidole, vikalala. Ukafunga vitatu. "Sukuma basi," ukaniambia. Nilisukuma mpaka jasho likanitoka, vikakataa kulala. "Umeona? Ya tatu inakatala." Tangu siku ile nikitazama daraja naona pembetatu tu, zimeshikana mikono toka ukingo hadi ukingo.

Sasa lile jambo. Vyuma vilikuja kutoka Ubelgiji vimepakwa herufi, vingine G, vingine D. Injinia alikuwa ameenda Goma. Mimi niliyesoma misheni nikajitia ujuaji: G ni Goma, nikasema, na D ni derrière, yaani kule nyuma, ng'ambo. Mkaniamini. Tukapanga vya G vyote upande wa Goma, na mashimo ya riveti, ile misumari ya kuunganisha vyuma, yakagoma kukutana. Wengine walitaka kuyapanua kwa moto. Ukasimama mbele yao. "Chuma haina kosa. Sisi njo tumekosa. Mushushe yote." Tukashusha kazi ya wiki nzima.

Injinia aliporudi akatueleza kwamba G ni gauche, kushoto, na D ni droite, kulia. Akauliza nani alisoma. Nilifungua mdomo, wewe ukatangulia. "Ni mimi nilisoma, Bwana." Wewe! Ukavuliwa cheo cha kapita siku hiyohiyo, ukapewa brashi ya rangi. Ulipaka rangi hadi ulipougua, ukipiga mluzi, na hukunikumbusha hata mara moja. Nami nikanyamaza. Naona aibu, Muzee. Tulipokuzika, majirani wako wa Katindo, hapa Goma, walinong'ona kwamba amekufa yule kapita aliyeharibu daraja.

Ndiyo maana Jumatano, nilipotoka chini ya daraja, nilisema mbele ya wote, injinia akiwepo, mkeo Mama Kavira akiwepo: aliyesoma ni mimi, Muzee Kasereka hakujua hata herufi moja. Kisha Mama Kavira akacheka mpaka akashika mbavu. "Asome nini ule! Hata barua za ndugu yake njo mimi nilikuwa namusomea!" Kikosi kizima kikacheka, na mimi nikalia hadharani. Injinia hakucheka. Aliniambia nifike ofisini kwake Jumatatu. Akinifukuza, nyundo yangu ninayo na mikono uliifundisha wewe. Kule Kiwanja, penye daraja, wameshaanza kuliita "Daraja ya Kasereka".

Haya, Muzee, pumzika. Najua barua hii huwezi kuisoma. Jumapili nitakuja kaburini nikusomee mwenyewe, polepole, na safari hii nitasoma kilichoandikwa.

Mumbere