Sindano Uliyonichagulia, Yaya

Yaya Veneranda, dada yangu mkubwa,

Misimu miwili ya mvua imepita tangu ulipofunga kitenge chako na kurudi Bunyakiri. Yaliyosemwa siku ya ukaguzi uliyasikia kupitia mlangoni tu, ukiwa jikoni. Nataka leo nikueleze mambo yote ya siku ile, hata yale yanayoniaibisha.

Unakumbuka kwa nini nilikuita. Gaspard, bwana wangu, alikuwa ameomba ile kadi inayomfanya mtu mweusi ahesabiwe kuwa mstaarabu. Akarudi kutoka ofisini akisema wazungu watakuja kukagua nyumba yetu ya Kadutu: vitanda, sahani, choo, na kazi ya mikono ya mke. Mimi nilikuwa nimekwenda foyer miezi mingi, pale wanawake tulipofundishwa kushona na kufuma, na kitambaa changu kilikuwa bado kimepinda kama njia ya mbuzi. Nikakutumia habari. Ukaja juu ya lori la mbao, miguu imevimba, na kapu la mihogo kichwani. Ulipoona kile kitambaa ulicheka hadi ukakaa chini.

“Klotilda, hii njo unataka kuonyesha batu?”

Wewe hukuwahi kukaa katika darasa lolote. Ulifua nguo za masista kule misioni, ukamtazama yule sista mzee akifuma, ukarudi nyumbani na kujifundisha kwa njiti za gurudumu la baiskeli. Alipoona kazi yako, sista alianza kukuachia mikono ya sweta umalizie. Nilikuwa mdogo, nakaa karibu na goti lako kushika uzi.

Ulisema tutamfumia mwanangu Anzelina tiriko, sweta isiyo na mshono, inayozunguka mwili mzima, na kwamba inahitaji ile sindano ya kuzunguka: vijiti viwili vifupi vilivyoungwa kwa waya laini. Kabla hatujatoka ukachukua uzi, ukaupitisha kifuani mwa Anzelina, ukaukata. Sikuelewa ni wa nini.

Katika duka la Mgiriki, upande wa Nyawera, sisi weusi tulihudumiwa dirishani. Akatoa sindano nyingi. Nikashika moja ndefu, ya chuma kinachong’aa, kwa sababu Madame, mzungu aliyetufundisha foyer, alikuwa na kama hiyo. Ukaipima na ule uzi, ukatikisa kichwa.

“Hii iko murefu kupita kifua ya mutoto. Utaweka matundu yako ya uzi, itavutika, mwanzo na mwisho havitakutana. Sindano iwe fupi kidogo kuliko kitu unafuma.”

“Lakini ile fupi ni mbaya, yaya. Haing’ai.”

“Inang’aa juu ya nini? Chuma inateleza. Mikono yako iko mugeni. Kamata hii.” Ukanipa yenye ncha nyeupe kama maziwa, isiyo ya chuma. Kisha ukashika sindano nyingine zilizofanana nayo, moja baada ya nyingine, ukavuta uzi wa sufu taratibu pale kijiti kinapokutana na waya. “Hapa njo uzi inanasa. Mutu wa kuanza akinaswa kila mara, atatupa kazi.” Mbili zilinasa. Ya tatu haikunasa. Mgiriki alianza kunung’unika kwamba tunachafua mali yake, mimi nikakuvuta kitenge twende. Wewe hukuondoka. Ulipima pia unene wake na sufu tuliyochagua, ndipo ukasema, “Hii.”

Niliona haya, yaya. Haya yangu ilianzia pale dirishani. Wakati ule sikuitambua, niliona ni joto tu.

Kwa wiki tatu tulikaa nyuma ya nyumba. Nilifuma duru nne, nikaangusha matundu, nikalia, nawe ukanishika vidole kama mtoto anayejifunza kushika kijiko. Siku zikatuishia. Duru zote zilizobaki, mabega na shingo, ulimaliza wewe.

Asubuhi ya wageni Gaspard hakukuangalia usoni aliposema, “Yaya, labda ungekaa jikoni kidogo.” Nilikuwepo nikisikia. Niliendelea kupanga uma kabatini.

Walikuja watu wanne, Madame wa foyer akiwa kati yao. Walifungua kabati, wakahesabu uma. Madame akainua tiriko, akaipindua, akatafuta mshono. “Ni wewe uliyefuma?” Nikasema ndiyo. Akaona sindano mezani. “Kwa nini ulichagua hii fupi?”

Nikajibu kwa maneno yako. Yote. Kifua cha mtoto, matundu yanayovutika, chuma kinachoteleza, mahali uzi unaponasa. Sikusahau hata moja. Madame akawageukia wenzake akitabasamu, na Gaspard akapumua.

Ndipo Anzelina akakimbilia mlango wa nyuma akiita, “Mama mukubwa! Mama mukubwa!” Mlango ukafunguka nusu. Walikuona, na kitenge chako chenye masizi na miguu mitupu.

“Huyu nani?” Madame akauliza.

Nikasema, “Ni mwanamke wa kufua, Madame.”

Sikulazimishwa na mtu. Hakuna aliyenitishia. Neno lilitoka laini kabisa, na wewe ukamwinua Anzelina, ukamrudisha kwangu, ukafunga mlango polepole.

Walipokwenda nilikuja jikoni. Ulikuwa unaosha sufuria. Nilitaka unitukane, yaya. Ulisema tu, “Umejibu muzuri juu ya sindano.” Kesho yake ukaondoka kabla Anzelina hajaamka.

Kadi ilipatikana. Na Madame akaniweka niwafundishe wanaoanza. Kila juma nilisimama mbele yao nikisema maneno yako kwa mdomo wangu.

Mwezi uliopita alikuja mke wa mwashi mmoja, mtu wa Mwenga, na sindano ndefu mno aliyouziwa. Alifuma mara tatu, mara tatu akafumua. Nilimweleza kosa liko wapi, akanishika mkono kwa furaha. “Maman, weye ulifundishwa na nani?” Madame alikuwa nyuma yangu. Ningeweza kusema, “Hapa foyer.” Midomo ilikuwa tayari imeanza.

Nikasema, “Yaya yangu. Na ile tiriko ya ukaguzi ni yeye aliifuma. Nilimwita mwanamke wa kufua.”

Usifikiri nilikuwa shujaa. Niliyasema nikiwa nimeshika ukingo wa meza, bila kumgeukia Madame. Madame hakunigombeza, alitoka tu, na juma lililofuata nilimkuta mwingine mahali pangu. Gaspard aliuliza mara moja, “Unataka waninyang’anye kadi?” Tangu hapo anakula peke yake. Labda watarudi kukagua, labda hawatarudi. Kila gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba, nachungulia dirishani. Na bado hilo si zito kama ule mlango ulivyofungwa polepole.

Dereva wa lori la mbao atakuletea barua hii. Najua katekista ndiye atakayekusomea. Mwambie asome kwa sauti, nje, majirani wakiwepo. Nilikukana mbele ya watu wanne na mume wangu. Nataka watakaosikia wawe wengi kuliko hao.

Jumamosi ijayo nitapanda lori pamoja na Anzelina. Kama hutaki kuniona, tuma mtu barabarani aniambie. Nitageuka bila kuuliza, ila nitakuomba umpokee mtoto kwa siku moja, kwa kuwa bado anakuita. Kama hakuna mtu barabarani, nitakuja hadi uani kwako na kusimama hapo mpaka useme neno, hata liwe baya.

Ubaki na afya, na miguu yako ipoe.

Ni mimi mdogo wako, wa tumbo moja na wewe,
Klotilda