Mama Mkwe wa Bwana Tai

Nyumba ya Nyuma,
Mkabala na Duka la Vioo.
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Binamu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo, na yule mdogo aliyeanza kutembea? Sisi tunaendelea. Mama yangu magoti bado yanamsumbua asubuhi, lakini yakishapata jua yanatulia. Mama yako mzima, ana nguvu za kugombana na mtaa mzima. Habari za baba yako nitakupa, ila si hapa juu. Nivumilie kidogo.

Jana tulikwenda sinema. Najua utacheka. Filamu mpya ya Bwana Tai imefika, ya kumi na nne, na wanasema ndiyo ya mwisho. Mabango yake yamejaa mjini. Ameota mvi, lakini tai yake imekaza shingoni vilevile. Nilisimama mbele ya bango kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

Unakumbuka nani alimpa jina hilo? Huko kwao ana jina lake, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelishika. Bwana Tai ni la baba yako. Siku za kazi alikuwa fundi redio, lakini Jumamosi na Jumapili mchana, kwenye lile banda la video, alikuwa Kipaza, mtu mwingine kabisa. Blanketi dirishani, televisheni juu ya kabati, sisi tumebanana kwenye mabenchi, naye kwenye stuli kando akitutafsiria, kipaza sauti amekifunga leso ili kisikwaruze. Jasusi akizama baharini na suti yake, baba yako anapaza, "Mwoneni Bwana Tai! Maji yamefika puani, tai haijalowa!" Banda zima linalipuka.

Nimekuja kujua ukubwani kwamba baba yako, mjomba wangu, alijua maneno kama kumi tu ya ile lugha. Mengine yote aliyatoa kichwani. Yule mama mwenye nywele fupi, anayekaa nyuma ya meza kubwa na kumtuma Bwana Tai kila kona ya dunia, ni mkuu wake wa kazi. Sisi tuliambiwa ni mama mkwe. Tumekua tukiamini mtu anaweza kuruka kutoka kwenye ndege kwa kumwogopa mama mkwe! Nilipoolewa, Binamu, nilimwonea huruma mume wangu.

Sasa niingie kwenye lenyewe. Katika barua yako uliandika kwamba ukipiga simu baba yako hashiki, na akishika mama, mzee kila mara "ametoka kidogo". Ukasema labda bado ana kinyongo kwa sababu mliagana mkiwa mmegombana. Nilisoma, nikaikunja, nikakaa nayo wiki tatu bila kujibu. Binamu, hana kinyongo. Hana sauti.

Mwezi wa tatu alikutwa na uvimbe kooni. Madaktari waliutoa wote, na wanasema haujarudi. Anakula, anatembea, mwili umejaa tena. Lakini sauti iliondoka na ule uvimbe, na hiyo ndiyo hairudi. Anapumulia kwenye tundu dogo chini ya koo, na analifunika kwa skafu hata jua likiwaka vipi. Alitukataza sote tusikuambie. Aliandika kwenye daftari lake, "Apige simu asikie nini? Upepo?" Nami nikamtii. Nilikosea, nisamehe.

Tangu hapo akawa mtu wa ndani. Karakana akaifunga, maana wateja walikuwa wakimsemesha naye anawapa mgongo. Kwa hiyo nilipoliona lile bango nilikwenda moja kwa moja kwake. Nikamwambia, "Mjomba, Bwana Tai anastaafu. Utamwacha aage peke yake?" Alinitazama weee, mpaka nikajuta. Kisha akainuka kwenda kupiga pasi shati.

Ukumbi uko ghorofa ya tatu, juu ya maduka. Mama yako alifuatana nasi, akagoma kukanyaga ngazi za umeme, tukapanda zile za miguu, tukafika juu wote tunahema. Viti vyenyewe laini mpaka unapotelea. Mfasiri hakuna. Maneno ya Kiswahili yanapita chini ya skrini, madogo, tena yana haraka. Mama yako hayaoni, basi nikawa namnong'oneza.

"Hapo mkuu wake wa kazi anamwita ofisini," nikasema.

"Mkuu wa kazi?" Sauti yake unaijua. "Huyu si mama mkwe?"

Watu wakageuka. Nilimtazama mjomba kwa hofu, nikaona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka, Binamu, bila mlio wowote, machozi yanamshuka. Akanigusa mkono, akanielekeza kwenye skrini: endelea. Basi nikayaacha yale maandishi, nikashika njia yake.

"Mama mkwe anasema, safari hii ukirudi bila ule mkoba, na mke humwoni!"

Waliokaa mbele yetu wakaangua kicheko, mmoja akaniomba niongeze sauti. Nikiharibu, mjomba ananifinya. Nikipatia, anaitikia kwa kichwa. Lakini ilipofika pale yule mama anapigwa risasi, na Bwana Tai anapiga magoti kando yake, niliishiwa maneno kabisa. Mjomba akatoa daftari, akaandika kwenye giza, herufi kubwa zimepinda. Nikasoma kwa mwanga wa filamu, kwa sauti: "Mwanangu, nilikukaripia kwa sababu niliogopa hutarudi."

Mama yako akalia waziwazi.

Taa zilipowaka, mama mmoja mwenye sare ya uuguzi alisogea kwetu. "Samahani, mzee. Wewe si Kipaza? Mimi nilikuwa benchi la mbele kila Jumamosi."

Nilitaka kumjibia, mjomba akanizuia. Akaifungua ile skafu taratibu, akamwonyesha tundu. Kisha akaninyooshea kidole mimi, kama kusema, siku hizi ni huyu. Yule muuguzi hakushtuka. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Umetulea, mzee wetu." Tuliporudi nyumbani skafu ilikuwa mfukoni.

Jioni nikamsomea barua yako. Aliisikiliza yote, akataka nirudie pale pa kinyongo. Kisha akaandika neno moja: "Mwambie." Ndiyo haya nimekuambia.

Mama yangu anakusalimu sana, na mume wangu anasema deni lako la bao bado analidai, uje ufungwe tena. Mama yako anauliza kama mjukuu ameota meno ya juu. Mkumbatie wifi kwa niaba yangu. Mungu awalinde ugenini, awape afya, na awafungulie njia ya kuja kutuona.

Nimebakiza moja, na ndilo kubwa. Piga simu, Binamu, Jumapili yoyote mchana. Ataishika mwenyewe, tumekubaliana. Utasikia hewa tu. Usidhani imekatika, wala usikate. Sema wewe. Mweleze kazi yako, njia unayopita asubuhi, mtoto anaanguka mara ngapi kwa siku. Ukiishiwa, tunga, yeye si wa kukulaumu kwa hilo. Miaka yote ile alisema peke yake saa mbili nzima nasi tukamsikiliza. Sasa amekaa, anangoja kukusikia wewe.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Mtoto wa shangazi yako.