Mdomo wa Ekeko Umetoka na Kitambaa

Mama Asunta, shikamoo. Nakusikiliza redioni kila Jumatano nikichanganya jasi ya kumiminia sanamu, sikuwahi kudhani ipo siku nitakuandikia mimi, lakini maji yamenifika shingoni na zimebaki wiki mbili tu, kwa hiyo nisikilize hadi mwisho ndipo unigombeze.

Mimi ni mtoto wa mwisho wa mzee Saturnino, mtengeneza sanamu za Ekeko, mungu wetu wa neema, hapa Villa Dolores, El Alto, na nadhani Ekeko wake umeshamwona, tumbo na masharubu na mizigo ya heri mgongoni kama wa watu wote, ila mdomo wake unacheka upande wa kushoto, meno mawili nje, kama mtu aliyejizuia akashindwa. Huo ni mdomo wa mama yetu. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, baba akachonga sanamu-mama ya jasi, ile ya kutolea nakala, mwaka uleule, na tangu hapo kila Ekeko anayetoka kwetu kwenda Alasitas, soko la Januari la vitu vidogo vya heri, anacheka kicheko chake, na wanaomweka sebuleni na kumwashia sigara Jumanne na Ijumaa hawajui kuwa wanamvutisha mke wa mtu. Mimi mama simkumbuki, na picha yetu moja ya mama amefunga mdomo, kwa hiyo kicheko chake nakijua kwa Ekeko tu.

Sasa baba ana miaka themanini na moja, mikono inatetemeka, na bado kila mwaka anatengeneza upya kalibu ya jasi ya kumiminia Ekeko, vipande kumi na kimoja, na siku hizi vipande havikutani, Ekeko wanatoka na mshono katikati ya pua, hadi mteja mmoja Januari iliyopita akaniuliza mbele za watu, "Dada, huyu wenu alikuwa bondia?" Nilicheka naye lakini iliniuma. Nikasema moyoni, mwaka huu namtengenezea baba kalibu ya silikoni, mpira laini, awe anamimina na kubandua tu, na nitafanya kwa siri ili nimshtukize.

Dukani nikakuta mikebe ya aina mbili, silikoni ya bati na silikoni ya platini. Muuzaji akaniambia, "Dada, platini ndiyo yenyewe. Haisinyai, inadumu, hata keki unaokea. Hiyo ya bati waachie wabahili." Nami nikaona kwa mama yangu siwezi kuwa bahili, nikabeba platini. Hakuniuliza naenda kumiminia nini, na mimi sikusema.

Siku kaka yangu Rufino alipompeleka baba kliniki nikafungua kasha anamoitunza sanamu-mama, nikaitoa, nikaimiminia silikoni. Kesho yake nabandua, tumbo safi, masharubu safi, vifungo vya koti unavihesabu, lakini mdomoni, Mama Asunta, ni kamasi tupu, haikuganda na wala haitaki kutoka. Nikachukua kitambaa cha petroli nikafuta, nikafuta tena, na nilipotazama kitambaa kimekuwa cha kahawia na Ekeko hana mdomo, ana shimo. Nilikaa sakafuni nikalia.

Rufino anasema, "Tulia wewe. Nunua Ekeko yeyote, kata mdomo, bandika. Mzee mwenyewe macho yameshapungua." Nikamwambia baba atajua kwa vidole. Akanijibu, "Haya, kamwambie basi, umuue." Ndiye kaka niliyepewa huyo.

Na baba hufungua kasha kila mwaka tarehe mbili Novemba, akishawasindikiza marehemu. Tarehe mosi Novemba adhuhuri roho ya mama itafika nyumbani kama roho zote, meza itatandikwa, mkate wake wenye uso utawekwa, na mimi nitakaa pale nikijua nilichomfanyia. Kinachonimaliza zaidi ni upendo wa baba, maana kila mwaka, tangu nina miaka kumi na mitano, kabla ya kufungua kasha huniita peke yangu, ananinunulia api ya moto, uji wetu wa mahindi ya zambarau, na andazi la jibini, ananisimulia kisa kilekile cha lama aliyekula kofia ya padri, hachoki mpaka nicheke, ananitazama wee, kisha anaingia karakana na kujifungia. Mwaka huu nitacheka kwa uso gani?

Niseme au ninyamaze? Na ni mpira gani ningechagua?

Mwenye Mikono Miovu, Villa Dolores

*

Mwenye Mikono Miovu, kwanza hilo jina litupe. Halafu futa machozi, maana nakuja kukugombeza, na mtu anayelia hagombezeki.

Umechagua mpira kama watu wanavyochagua jeneza, la ghali ndiyo heshima. Mpira wa kalibu hauchaguliwi kwa bei wala kwa mapenzi. Unajiuliza utagusa nini, na utamiminiwa nini, basi. Silikoni ya platini ni nzuri, hata mimi ninayo, lakini ina madeko: ikigusa salfa tu inagoma kuganda. Na ule udongo wa mafuta wa kahawia tunaofinyangia karibu sote huku umejaa salfa, hata ukiupaka vanishi. Silikoni ya bati haijali hayo. Ni kweli inasinyaa kidogo na baada ya misimu kadhaa itachanika, lakini kwa kumiminia jasi inakutosha kabisa. Na hata ungeuziwa mpira wa malaika, mwanangu, si ungeanza na tone moja mahali pa siri, ukasubiri uone kama linaganda? Mtoto wa mzee Saturnino unamwagia mkebe mzima! Aibu nimeiona mimi.

Sasa kaa chini. Mimi nimemimina jasi miaka thelathini na minane. Jasi kavu haiizuii platini kuganda, ndiyo maana tumbo liliganda na masharubu yakaganda. Tena jasi haitoki kwa petroli hata uisugue mpaka Krismasi. Ulichofuta si jasi, ni udongo wa mafuta. Mdomo ule wa kwanza ulivunjika zamani, nadhani kalibu iling'oka nao, na baba yako hakumwambia mtu. Anapojifungia humo ndani kila mwaka, anaufinyanga upya, maana udongo huo haukauki na kila kalibu inapobanduliwa unachakaa.

Lakini anayefinyanga uso lazima awe na uso wa kutazama, na picha yenu imefunga mdomo. Hebu niambie ukweli, hicho kisa cha lama kinachekesha? Mimi nimekisoma hapa na sikuona cha kuchekesha. Baba yako hakuiti kunywa api. Anakuita ucheke, akutazame, kisha akimbilie karakana kabla hajasahau. Tangu una miaka kumi na mitano! Wewe unasema kicheko cha mama umekijua kwa Ekeko, kumbe Ekeko amekipata kwako, nawe ulikipata kwa mama yako. Kama nimekosea, njoo unitukane hapa hewani.

Rufino, kama unasikiliza, funga mdomo wako na usimkate mtu mwingine wa kwake.

Wewe binti, utamwambia baba yako, na utamwambia kabla ya tarehe mosi. Mambo haya hayasubiri mezani pa marehemu. Mpelekee sanamu hiyohiyo yenye shimo, mpe mkononi, sema, "Baba, nimeharibu mdomo." Usimwambie kuwa siri yake umeijua, na kama naye ametusikia hapa, mwache ajifanye hakusikia. Akitaka kuisema ataisema, na akinyamaza mheshimu. Atakasirika, mwache akasirike, ana haki hiyo. Hafi mtu kwa hilo, maana mdomo huo ameupoteza mara nyingi kuliko wewe.

Kisha kanunue ya bati, laini kiasi, ibanduke kwenye ile mizigo ya mgongoni bila kuivunja. Toa kwanza kila chembe ya ile kamasi ya platini, kwa sababu silikoni hung'ang'ania silikoni. Kigumisha, ile dawa ya kugandisha, pima kwa mizani, na ole wako nisikie umekadiria kwa jicho. Fanya kazi mchana, chumba chenye jua, maana baridi yetu ya El Alto huchelewesha kila kitu. Mimina kutoka kona moja, uzi mwembamba, mapovu yapate njia, na usiguse mpaka kesho yake.

Ila yote hayo ni baada ya mdomo. Mikono ya mzee inatetemeka, kwa hiyo mwaka huu kijiti cha kufinyangia utashika wewe na yeye atakuelekeza. Weka udongo mezani, weka na kioo mbele yako. Safari hii api nunua wewe. Halafu mwombe akusimulie kile kisa cha lama.