Jumapili Uliyonisubiri

Mama Mdogo,

Kalamu ninayoshika ni ile ile niliyoandikia uongo juu yako. Lakini najua ungeuliza kwanza habari za nyumbani. Moraa, binti yako, anautunza mji wako. Chai imepogolewa, na yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Ila kule chini mtoni shemeji yako ameng'oa migomba yako yote, amepanda mahindi. Nilipita hapo nikageuza uso.

Kosa ni langu, na leo nalisema. Wapimaji wa mashamba walipofika na minyororo yao ya kupimia, shemeji yako alikushtaki kwamba kipande cha mtoni ni chake. Korti ikamwita yeye mdai, wewe mdaiwa, na mimi mpeleka samansi nikapewa karatasi ya kukuita. Nilikuja Jumamosi. Nilijua ni Sabato. Si wewe uliyenilea mama yangu alipokufa, ukanifundisha kusoma katika kitabu cha nyimbo za kanisa? Lakini siku hiyo nilikuwa na karatasi nyingine za kupeleka Ekerenyo, na nikaona taabu kupanda kilima chako mara mbili. Uvivu, Mama. Sina neno zuri zaidi.

Ulirudisha mikono nyuma ukasema, "Leo sishiki karatasi ya serikali, mwanangu. Niletee kesho, nitaipokea kwa mikono miwili."

Nikajibu, "Sawa, Mama. Nakuja Jumapili."

Ukaenda kanisani. Nami nikaipigilia karatasi mlangoni kwa msumari, kama sheria inavyoruhusu mtu akikataa, nikateremka zangu. Mchana ikanyesha mvua ya mawe. Moraa aliniambia baadaye kwamba jioni ilibaki pembe moja tu ya karatasi chini ya msumari. Hukuhangaika, kwa sababu mimi nilikuwa nakuja. Jumapili ulitoa kiti uani, ukapika ugali wa wimbi na chinsaga, mboga niipendayo, ukasubiri mpaka ng'ombe wakarudi. Mimi nilikuwa Nyamira nacheza drafti.

Jumatatu niliandika hati ya kiapo, ile karatasi ya kuapa jinsi nilivyofikisha samansi. Nikaandika kwamba mdaiwa alikataa kupokea. Yale maneno yako ya kesho na mikono miwili niliyaacha. Siku ya kesi hukuja. Ungejuaje? Hakimu akasikiliza upande mmoja, akampa shemeji yako shamba.

Ulipoomba hukumu hiyo itenguliwe, niliitwa kizimbani. Nikashika Biblia. Hakimu akauliza, "Huyu mama alikataa?" Ulikuwa benchi la mbele, leso kichwani, unanitazama kama zamani nilipokwama kwenye neno gumu nawe ukangoja nilimalize. Nikisema kweli, kazi yangu imekwisha. Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa." Ombi lako likatupwa. Tulipotoka ulinishika mkono ukauliza, "Umekula?" Afadhali ungenitukana.

Siku ya mazishi yako nilipewa koleo nikashindwa kutupa udongo. Watu wakasema namlilia aliyenilea. Walisema kweli, ila hawakujua nusu ya pili.

Juzi nilimwendea hakimu nikaapa upya. Safari hii nimeandika yote, Sabato, ahadi yangu, mvua, mpaka kiti. Koti la kaki la kazi nimelirudisha, na huenda nikashtakiwa kwa kiapo cha uongo. Acha iwe. Karani ameniambia kesi ya shamba haifi na mtu, mtoto anaweza kusimama mahali pa mama yake akaomba hukumu ipitiwe upya, mradi aombe kabla mwaka haujaisha tangu kifo. Miezi mitatu imebaki. Bila kiapo changu Moraa hana la kuanzia. Na yeye bado hajui ahadi yangu wala uongo wangu. Anadhani wewe ulipuuza korti.

Sijui atanikaribisha au atanifungia mlango. Akinifungia, nitakaa nje mpaka afungue, maana karatasi hii ya kiapo siipigilii msumari. Nitaiweka mkononi mwake, na atakaposimama mbele ya hakimu nitasimama naye, shemeji yako akisikia.

Leo ni Ijumaa, jua linatua, na kwako hakuna atakayeshika karatasi ya serikali kesho. Safari hii nitangoja.

Pumzika, Mama. Nakuja Jumapili.

Mwanao,
Ombati