Zulia la Mlangoni kwa Balbina

Antigua, Jumatano, juma la tano la Kwaresima

Mdogo wangu Hermelinda,

Nina miaka themanini na mmoja, na kifo kimenikosa mara nyingi hadi kimechoka. Nimelivuka tetemeko la mwaka sabini na sita lililoangusha ukuta wa jikoni kwa baba, nimeivuka vita, nimewazika waajiri wangu wote na yule daktari aliyenikataza chumvi, na sasa nimemzika hata mke wangu Balbina, jambo ambalo sikuliomba. Aliyevuka hayo hashindwi na barua. Mwalimu wetu wa darasa la pili, ndilo nililoishia, alisema mwandiko wangu ni kuku aliyekanyaga wino. Yeye amekufa, mimi bado naandika.

Goti lako linasemaje na baridi ya huko Quetzaltenango? Na binti yako hajambo, na wanawe bado wanakupandia kitandani alfajiri na kukuibia blanketi? Wape salamu za mjomba wao mkubwa. Mimi ni mzima. Macho yanaona, mkono hautetemeki, na meno ni yangu mwenyewe, isipokuwa yale ya juu.

Uliniuliza tena ni lini nitafunga nyumba nije kukaa kwako. Nilikujibu, na jibu langu halikubadilika, kwamba nyumba inayopokea wanafunzi haifungwi. Unajua Balbina alivyowapokea miaka nenda miaka rudi wageni waliokuja kusoma Kihispania, akawalisha, akawasahihisha, akawakemea wakitoka nje na nywele mbichi. Alipokufa, shule ikaacha kuleta mtu. Seño Griselda, mwalimu anayewagawa wanafunzi kwenye nyumba, aliniambia kwa upole kwamba nyumba ya mwanamume peke yake ni tabu, nani atapika. Nikasema mimi. Nikampikia maharage meusi palepale, akala akiwa amesimama, akamaliza sahani. Mwaka huu akakubali kunijaribu kwa mwanafunzi mmoja. Kundi likiondoka limeridhika, ataleta wengine. Lisiporidhika, analifuta jina langu. Na wewe nilikuahidi kwamba siku shule itakaponifungia mlango, nitapanda basi nije. Kwa hiyo soma taratibu, usiruke kwenda mwisho kama kawaida yako.

Kundi lilikuwa la vijana kutoka Norwei. Asubuhi walisomeshwa vitenzi, mchana wakazungushwa kuona magofu, mashamba ya kahawa, mlima wa moto na soko la Chichicastenango. Wangu aliitwa Ragnhild. Jina hilo lilikataa kupita kooni, nikamwita Ranilda, akaitika. Alikuwa msichana mrefu wa kuinamia kila mlango, isipokuwa niliyoitengeneza mimi.

Sasa sikiliza. Nilimwomba Mungu aniletee sauti ndani ya nyumba, akaniletea msichana anayekula kimya. Wanafunzi wa Balbina walipiga kelele mpaka paka akahama. Huyu alitafuna kama anayesali. Nikimuuliza amelalaje, anafikiri, anapanga maneno, kisha anasema, vizuri. Nikimuuliza baba yake anafanya kazi gani, anafikiri, anasema, samaki. Basi. Nikaona nizungumze mimi. Nikamsimulia milango yote niliyoitengeneza mji huu, mmoja baada ya mwingine, na mbao zake. Alisikiliza yote, tortila ikimpoa mkononi, akauliza swali moja tu, mlango upi ulikuwa mgumu kuliko yote. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo, hata Balbina. Nikamjibu kwamba hakuna uliokuwa mgumu. Ni uongo, lakini sikutaka anione mtu wa kawaida.

Jumapili iliyopita ratiba yao ilikuwa kusimama kwenye kona na kutazama maandamano ya Kwaresima, huku seño Griselda akiwaeleza. Nilimwendea shuleni nikamwambia kusimama ni kazi ya watalii. Awalete kwangu wapige magoti, watandike zulia la unga wa mbao mbele ya mlango wangu kama nilivyokuwa nikitandika na Balbina kila mwaka, kisha wamwone Bwana akipitishwa mabegani juu ya kazi ya mikono yao. Seño Griselda ni mtu wa Chimaltenango, mitaa yetu haijui vizuri. Akaniuliza kama maandamano hupita kwangu. Nikamjibu kwamba yalikuwa yanapita mlangoni kwangu kabla yeye hajazaliwa.

Walikuja asubuhi, kundi zima. Nilikuwa nimekwisha kupaka unga rangi, zambarau, manjano, na kijani kile cha Balbina ambacho siri yake ninaijua mimi peke yangu. Tukamwaga unga mweupe chini, tukauloanisha, nikawapa vibao vyangu vya kuchorea maua. Hermelinda, ungeiona nyumba. Mmoja anatafuta ndoo, mwingine anauliza choo kiko wapi, wawili wanagombania ungo, wasichana wanachemsha kahawa jikoni na kuimwaga. Niliwapigia kelele wote. Aliyekanyaga mpaka wa zulia nilimwita punda, akacheka, akawafundisha wenzake neno hilo, na siku nzima wakaitana punda. Hata Ranilda alisema maneno mengi, nadhani yalifika kumi. Yeye ndiye aliyepewa kati ya zulia. Aliweka petali za bogenvilia moja moja, ulimi umetoka pembeni ya mdomo.

Jirani yangu Tránsito, yule fundi viatu, alitoka na kiti chake akakaa kutazama. Kisha akasema kwa sauti ya mtaa mzima kuisikia, "Lalo, na zulia hili unamtandikia nani? Mbwa wangu?"

Nikamwambia mbwa wake anukaye ana adabu kuliko yeye. Akasema maandamano yamehamishwa, jukwaa jipya wanalobebea sanamu ni refu mno, haliwezi kukunja kona yetu, mwaka huu yatapita mtaa wa juu. Nitazame basi, mlango gani mwingine una zulia. Nikamwambia Bwana anaijua nyumba yangu bila kuuliza wakubwa wa maandamano. Tulizungumza upesi, kwa lugha ya mtaani, na wale vijana hawakuelewa neno. Seño Griselda alikuwa ndani akitafuta ufagio. Tránsito alinitazama, akamtazama yule msichana aliyepiga magoti na petali zake, akachukua kiti chake akaingia ndani. Ni mara ya kwanza katika maisha yake kuniachia neno la mwisho, na lilinikaa vibaya.

Tulimaliza, tukala, tukangoja. Barabara haikufungwa, kwa hiyo magari yalikuja. Nikachukua kiti nikakaa katikati ya mtaa mbele ya zulia. Pikipiki ikageuka. Mama mmoja mwenye gari jekundu akaniita zee kichaa, nikamwambia amsalimie mama yake. Akaja Fidelino na gari lake la mitungi ya gesi, akapiga honi, nikamwonyesha mgongo. Ndipo tukasikia bendi. Ilikuwa inapiga yale maombolezo polepole, ngoma nzito, na ilikuwa mtaa wa juu. Ilikaribia, ikafika usawa wetu nyuma ya nyumba, ikapita.

Seño Griselda alielewa kabla ya wengine. Aliwakusanya vijana wakakimbia kupanda mtaa wa juu. Walipofika, niliambiwa baadaye, walikuta watu wa ufagio na rangi iliyokwisha kuchanganyika. Msafara wote kutoka Norwei, na walichokiona ni migongo.

Ranilda hakukimbia. Nilimwambia nenda, wewe una miguu mirefu, utawahi. Akafikiri, akasema lazima mtu abaki alilinde zulia pamoja nami. Akaketi ukingoni mwa barabara karibu na kiti changu, akasema watakuja bado, labda wamechelewa. Alikuwa ananifariji mimi, kwa Kihispania kile chake cha kuokoteza.

Hapo nilishindwa. Nilimwambia kwamba hawatakuja, na kwamba nilijua.

Sasa nakuambia wewe, maana wewe ndiye ndugu pekee aliyenibakia. Nilijua. Siyo kwamba nilisikia uvumi nikaukataa kwa ukaidi, kama Tránsito anavyodhani. Padri alilitangaza kwenye misa, mimi nikiwa benchi la mbele, na masikio yangu hayana kasoro. Mkuu wa maandamano mwenyewe alipita nyumbani kuniambia, kwa heshima ya marehemu, nikampa kahawa na kumshukuru. Nilipokuwa napaka unga rangi nilijua. Nilipomjibu seño Griselda nilijua, ndiyo maana nilichagua maneno. Tangu Balbina afe, nikimaliza kula huinuka mezani nasema asante, kama tulivyofundishwa na mama, na hakuna wa kunijibu. Nakaa kidogo nimesimama pale, Hermelinda, kana kwamba jibu limechelewa. Nilitaka siku moja nyumba ijae. Sikuona njia nyingine ya kuijaza ila hiyo, na nilijiambia wazungu hawa wana siku nyingi, wataona maandamano mengine. Nao hawakuwa na siku nyingi. Ile ilikuwa Jumapili yao ya mwisho.

Ranilda alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiri. Akaniuliza kama kijani nacho kilikuwa uongo. Nikamwambia hapana, kile ni cha Balbina kweli. Akainuka akaingia ndani akafunga mlango wa chumba chake, taratibu, jambo ambalo ni baya kuliko kuupiga.

Nikabaki na zulia. Wewe unajua zulia ni nini, halijakamilika mpaka wabebaji walikanyage na Bwana mabegani, na lisipokanyagwa ni rangi iliyomwagika njiani. Fidelino alikuwa bado yuko pale, amezima injini. Aliniambia, "Don Lalo, mimi sitapita juu yake na gesi. Lakini nyuma yangu kuna lori la maji, na yule dereva hana mama."

Basi nikavua viatu. Nikavua kofia. Nikalikanyaga mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho, mwendo ule wa wabebaji, nikiyumba huku na huku, bila kitu begani. Petali za yule msichana zilikuwa baridi chini ya nyayo. Fidelino alitoka garini akavua kofia yake akasimama. Sikulia, usije ukasema nililia. Kisha nikachukua ufagio, naye akaniletea koleo lake.

Jioni ile Ranilda alikula, akainuka mezani bila kusema neno.

Jumatatu alikuja seño Griselda. Msichana hakuwa amemwambia kitu. Seño alikaa hapa sebuleni, akaniambia vijana walisikitika ila wanaelewa, kwamba mambo hayo hutokea, ni umri, mtu husahau njia imebadilishwa, mwaka ujao yeye mwenyewe atathibitisha. Umeona mlango ulivyokuwa wazi? Nilichotakiwa kusema ni, ndiyo seño, ni uzee. Ningeendelea kupata wanafunzi mpaka nife.

Lakini mimi, kusahau? Mimi ninayekumbuka mbao za kila mlango? Nikamwambia akili yangu ni nzima kuliko yake, kwamba sikusahau chochote, nilidanganya, tena kwa makusudi. Afadhali niitwe mwongo kuliko kuitwa mzee aliyepotewa na akili. Alinitazama sana. Akasema basi hana la kufanya, hawezi kuwaleta watoto wa watu kwenye nyumba ya namna hiyo. Akalifuta jina. Kwenye mlango aligeuka kama anayetaka kusema jingine, akasema tu nisiache kula vizuri.

Jana kundi liliondoka. Nilimbebea Ranilda begi lake hadi kwenye basi, ingawa lilinishinda nusu ya njia akalichukua. Wenzake waliniita punda, kwa mapenzi nadhani. Yeye alipanda, akashuka tena, akasema alichokuwa amekipanga, naona, tangu Jumapili. Alisema, "Don Lalo, ungesema tu uko peke yako. Tungekuja."

Nilimvulia kofia, basi likaondoka. Maisha yangu yote sijawahi kumwambia mtu neno hilo, hata wewe, nawe umeniuliza katika kila barua. Basi naliandika hapa kwa mkono wangu mwenyewe, na usimsomee binti yako. Niko peke yangu, Hermelinda. Niandalie kitanda. Naja kabla ya mvua, na usiwaambie watu kwamba umenishinda. Sema nimekuja kurekebisha milango yako, ambayo niliiona safari ile na imekaa vibaya. Sihitaji chumba kikubwa. Nikiinuka mezani nikasema asante, mmoja wenu anijibu, hata mtoto.

Wasalimie wote, kila mmoja kwa jina lake. Ukiona nimetia chumvi popote, wa kuulizwa wapo. Yupo Tránsito, atakayekuambia zaidi ya niliyosema. Yupo Fidelino wa gesi, aliyeona kwa macho yake kwamba sikulia. Na yupo seño Griselda, ambaye kwa sasa hanipendi, kwa hiyo hana sababu ya kunipendelea.

Kaka yako,
Eulalio