Kofia ya Rubani wa Lile Dege

Fundi, naapa kwa kaburi la mama, leo sijatia chumvi hata punje.

Nimekwenda kuliaga dege letu la mizigo la jeshi. Kesho linakatwakatwa liwe chuma chakavu. Lile ambalo ukiwasha injini zake tulikuwa tunaongea kwa mikono! Limenyamaza, Fundi. Limenyamaza kabisa. Machozi yakanitoka.

Watu wakaniuliza, mzee wewe nani? Nikajibu, "Rubani wake!" Ulimi hauna mfupa.

Bibi mmoja akacheka. "Rubani gani anapayuka hivyo? Marehemu mume wangu alilirusha miaka ishirini, akiongea taratibu. Wenye kelele ni nyie mliokaa nyuma na mizigo, mkafa masikio."

Mke wa Kapteni! Fundi, mke wa Kapteni!

Akanitazama kichwani. "Na kofia hiyo? Naitafuta tangu tumzike."

Niliiokota kwenye kiti chake safari ya mwisho, nikasema nitampelekea. Sikumpelekea.

Nikaivua, nikampa kwa mikono miwili. Akainusa. "Mafuta ya ndege. Ndivyo alivyokuwa akinukia akirudi." Akalia.

Nimetembea hadi nyumbani kichwa wazi.